Sisimizi wa shambani asihukumiwe bila kesi

Ifikapo Novemba, mawingu yakianza kujikusanya, mkulima wa Shinyanga huwa na kazi tatu kabla ya kushika jembe: kutafuta mbegu, kutafuta plau la kuazima na kuua sisimizi. Kazi hii ya tatu haimo katika kalenda yoyote ya kilimo, lakini nimeiona kuanzia Kishapu mpaka Msalala. Mtu anachukua dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, anaichanganya na maji kwenye kopo la rangi, anazunguka shamba zima. Kila tundu analolikuta analimwagia. Ukimuuliza sababu, jibu ni moja: "Wanamaliza mbegu."

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimekula mshahara wa serikali kwa kuwafundisha watu kupambana na wadudu, na hata leo nasema dawa ina mahali pake. Anayelima pamba huku akimpuuza funza wa vitumba anajidanganya. Ila huku kumwagia kila tundu nimekupinga kwenye mikutano ya kijiji, na leo nakupinga gazetini. Kunaua vibarua wasiodai ujira, na yule anayetafutwa mara nyingi hayumo kabisa ndani ya tundu lile.

Tumtazame kwanza mshtakiwa. Nyuma ya zizi langu, kwenye ardhi ya kichanga, luseni, kuna kiota cha sisimizi wavunaji. Utakitambua kwa mbali: duara la ardhi tupu, upana wa hatua chache za mtu mzima, nyasi zimeondolewa zote. Katikati pana tundu la kuingia kidole gumba. Ukingoni mwa duara kuna pete ya makapi yenye rangi ya majani makavu. Ukiinama hapo saa mbili asubuhi, jua likiwa halijaanza kuchoma, utaiona barabara yao, pana kiasi cha vidole viwili, imesafishwa mpaka kijiti cha mwisho, inatoka kwenye duara na kupotelea nyasini. Wanaokwenda hawana kitu. Wanaorudi kila mmoja ana mbegu yake ya nyasi, wengine wameinyanyua juu mpaka upepo unawayumbisha. Miongoni mwao wapo wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili yao. Hao ni wasagaji: taya zao huvunja ganda, kiini kinabaki ndani, ganda linatolewa nje na kutupwa kwenye ile pete.

Chini kuna vyumba vya akiba. Mvua ikivuja humo, siku inayofuata wanazitoa mbegu zilizolowa na kuzitandaza juani, sawasawa na mama anavyoanika michembe ya viazi juu ya mwamba, kisha wanazirudisha ndani zikikauka. Wataalamu huliita kundi hili Messor, na yule mkubwa wa Afrika Mashariki ni Messor cephalotes. Mfalme Suleimani aliposifu akiba ya chungu alikuwa akiishi katika nchi ya Messor. Wasomi wa Ulaya ya kaskazini, ambako sisimizi hawaweki nafaka, walitilia shaka habari hiyo kwa muda mrefu, mpaka Mwingereza John Traherne Moggridge alipochimba viota huko Menton, kusini mwa Ufaransa, na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1873. Mchunga ng'ombe yeyote wa Kishapu angewaambia bure.

Sasa tuje kwenye wizi. Sisemi hawaibi. Mkulima anayerusha uwele au mtama juu ya ardhi kavu akingojea mvua amewaandalia karamu. Mtama ulioachwa uwanjani baada ya kupurwa nao utachukuliwa. Lakini tuupime wizi wenyewe. Chakula chao cha mwaka mzima ni mbegu za nyasi za porini, nyingi mno, ambazo hatuzipandi wala hatuzivuni. Mbegu ya shamba inakuwa hatarini kwa muda mfupi tu, kati ya kutoka mkononi mwa mkulima na kuota. Subiri mvua ya kwanza iloweshe udongo, fukia mbegu kina cha sentimita tatu au nne, pura nafaka yako mbali na viota na ufagie uwanja jioni ileile. Hasara itakayobaki ni ya viganja, haifiki gunia. Nani mwenye akili anayemwaga sumu ya shamba zima kwa ajili ya viganja?

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba watu wanamwadhibu asiye na kosa. Msimu mmoja mama wa kijiji cha jirani aliniita shambani kwake. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na mabua kadhaa yalikuwa yamelala chini.

"Bwana shamba, nimekwisha," akaniambia. "Sisimizi wamekata mahindi yangu yote. Tazama wanavyozunguka."

Kweli walikuwepo, weusi, wanakimbia huku na huko kwenye shina. Nikang'oa bua moja lililoanguka. Kwenye mizizi palikuwa na udongo wa mchwa uliokandikwa vizuri, na nilipolipasua kwa kisu, ndani lilikuwa tupu, limejaa mchwa weupe na udongo. Nikaliweka chini, tukachuchumaa wote wawili. Haikuchukua muda: wale weusi walilivamia lile bua, wakaanza kutoka kila mmoja na mchwa mmoja mdomoni.

"Kumbe hawa wanakula wale!" akasema yule mama.

"Ndiyo, mama. Hawa ni polisi wako, na ulikuwa unakwenda kuwamwagia dawa."

Hili la sisimizi kuwinda mchwa wala si siri. Mwaka 2003 watafiti wa Uganda walichapisha matokeo ya majaribio ya mahindi yaliyochanganywa na jamii ya kunde. Palipopandwa soya au karanga kati ya mahindi, sisimizi wawindaji waliongezeka na uharibifu wa mchwa ulipungua. Huko Kenya, katika miaka ya 1990, uchunguzi wa mashamba ya wakulima wadogo uliwakuta sisimizi miongoni mwa maadui wakubwa wa yule funza wa vitumba anayetusumbua kwenye pamba. Wanakula mayai yake na viwavi wake wakiwa bado wachanga. Zanzibar, tangu miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alieleza jinsi maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani ya mnazi, wanavyoulinda mti dhidi ya kunguni anayedondosha nazi changa. Wakulima wa minazi wa visiwani wanawavumilia wakali hao wanaowauma wakipanda mnazi. Sisi wa bara tunashindwa kuwavumilia wasiotuuma.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho kwa sababu iko chini ya miguu yetu. Shinyanga kwa mwaka hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 hivi, na sehemu yake kubwa huanguka kwa vishindo vichache. Tatizo letu si uchache wa maji peke yake, ni kwamba maji hayaingii. Kila Msukuma mkulima anaijua itogolo, ule udongo wa kijivu unaofunga ukikauka. Mvua ya saa nzima inapita juu yake na kwenda zake mtoni, ukichimba kidole kimoja chini unakuta vumbi. Mahali penye matundu ya sisimizi na mchwa, maji yana mlango.

Jambo hili limepimwa. Huko Australia Magharibi, katika eneo kavu la kilimo cha ngano, watafiti walitenga vipande vya shamba, wakaua sisimizi na mchwa kwa dawa katika baadhi, wakawaacha katika vingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: palipokuwa na wadudu hao mavuno ya ngano yalizidi kwa asilimia 36. Maji yaliingia zaidi kupitia njia zao, na naitrojeni ya udongo ilikuwa nyingi zaidi. Msomaji aone jambo moja hapa: kile ambacho watafiti wale walikifanya kwa makusudi katika vipande vichache, ili wapime hasara, ndicho tunachokifanya sisi kila Novemba katika ekari zetu zote. Kisha tunakwenda dukani kununua mbolea ya kurudishia naitrojeni. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hanunui hasara kwa fedha yake.

Mkoa huu ungepaswa kuwa mwalimu wa wengine katika habari za wadudu. Wakati wa Waingereza, Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o uliojulikana duniani, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwa ajili ya mdudu mmoja maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kufyeka vichaka na misitu ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea. Lakini ardhi nayo ikabaki uchi, na kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wanazungumza kwa uzito kabisa kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Baada ya Mwalimu Nyerere kuitembelea mwaka 1984 na kusikitishwa na alichokiona, ulianzishwa mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao wengi wetu tuliufanyia kazi au tulikula matunda yake.

HASHI ilifaulu kwa sababu ilirudi kwenye jambo ambalo Wasukuma walilijua: ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Kutoka hekta mia chache zilizokuwa zimebaki, ngitili zilienea hadi kuzidi hekta 300,000 katika miaka ya 2000, na mwaka 2002 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miche ilipandwa, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kijani kile haikutoka kwenye kitalu chochote. Visiki vilichipua vyenyewe, na nyasi zilitoka kwenye mbegu zilizokuwa udongoni au zilizoletwa na upepo, maji, mifugo na sisimizi. Mvunaji huyu ana tabia ya kudondosha mbegu njiani, na katika majalala yake hutupa nyingine zikiwa bado nzima. Nenda kwenye kiota kilichohamwa baada ya mvua mbili tatu uone nyasi zinavyosimama pale kuliko pembeni. Wenye ngitili wanapafahamu mahali pa namna hiyo, ndama hupakimbilia.

Anayedhani sisimizi ni kitu kidogo mno kuyumbisha nchi aangalie Laikipia, Kenya. Kule kuna mgunga wenye vinundu vinavyolia kwa upepo, uleule unaoota kwenye udongo mweusi wa mbuga zetu. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi wanaoulinda kwa kumuuma tembo puani. Akaingia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, akawamaliza wenyeji. Tembo wakaivunja migunga, nyika ikafunguka, simba wakakosa pa kujificha wanapomvizia punda milia, wakaanza kuwinda nyati zaidi. Utafiti wa mambo hayo ulichapishwa mwaka 2024 baada ya miaka mingi ya kufuatilia. Sisimizi mmoja kaondoka, simba kabadili mboga.

Kutoka Kahama ukielekea Kakola na Geita, mazungumzo hubadilika. Huko hakuna anayeuliza habari za uwele. Watu wanauliza mawe ya leo yametoaje. Lakini hata huko mdudu anahusika. Mpwa wangu yuko kwenye machimbo ya upande wa Nyarugusu, na ndiye aliyenipa somo la vichuguu. "Mjomba," alisema, "kichuguu hakidanganyi. Mchwa anatoa udongo mahali ambapo sululu yangu haijafika." Anachukua udongo wa kichuguu, anauosha kwenye karai, anaangalia kama kuna chembe zinazobaki chini.

Hiyo si ramli. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus aliandika karne ya tano kabla ya Kristo kuhusu chungu wachimba dhahabu wa upande wa India, wakubwa kuliko mbweha, na watu wakamcheka kwa vizazi. Ukubwa alizidisha, wazo halikuwa la kipuuzi. Mchwa huchimba chini kufuata unyevu na kupandisha punje za udongo wa huko. Huko Botswana, waliotafuta almasi chini ya mchanga mzito wa Kalahari walichunguza vichuguu. Mwaka 2012 watafiti wa shirika la CSIRO la Australia walieleza kwamba vichuguu vilivyo juu ya mwamba wenye dhahabu vina dhahabu nyingi kuliko vilivyo mbali nao. Nako Marekani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, John Bell Hatcher alikusanya meno madogo ya wanyama wa zama za dinosaria kutoka kwenye vilima vya sisimizi wavunaji wa Wyoming, ambao hupenda kufunika viota vyao kwa changarawe. Mdudu amekuwa akimfanyia binadamu kazi ya utafutaji kwa muda mrefu. Swali ni tunamlipa nini.

Katika ukanda wa dhahabu tunamlipa kifusi. Geita imechimbwa kwa zamu: mgodi wa kikoloni ulianza mwaka 1936 na kufungwa 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, na katikati na kando ya hapo wachimbaji wadogo hawakuacha. Sitawatupia lawama wote kwa pamoja. Uchimbaji mdogo unalisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Lakini tembea kwenye eneo la maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na viumbe, ulikuwa wa kwanza kuondolewa, kwa hiyo umelala chini kabisa ya lundo. Juu yake kuna mwamba uliosagwa na makarasha. Miti ya jirani imekatwa kwa ajili ya matimba ya kuegemeza mashimo. Kwenye mwalo, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa, marudio, yaani mchanga unaobaki, yana zebaki, ile ambayo nchi yetu ilikubali kuipiga vita iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hata duara likifukiwa, kinachobaki juu ni ardhi iliyopinduliwa, cha chini kimewekwa juu, na mvua inaipita kama itogolo.

Sheria inamtaka hata mwenye leseni ndogo ya uchimbaji awe na mpango wa kulinda mazingira. Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kabla ya kuchimba, udongo wa juu utengwe pembeni usichanganywe na kifusi, na urudishwe wa mwisho wakati wa kufukia. Kati ya leseni na leseni, uachwe ukanda wenye nyasi zake na viota vyake bila kuguswa, ili wadudu wapate mahali pa kutokea kurudi. Malkia wa sisimizi anaporuka baada ya mvua haendi mbali sana. Akikosa ardhi ya kuchimba, ndani ya saa chache ameliwa na ndege. Pasipokuwa na ukanda wa jirani, duara lililofukiwa litangoja miaka mingi.

Tutajuaje kama ardhi imepona? Waulizeni sisimizi. Kuanzia miaka ya 1970 mtafiti Jonathan Majer alichunguza maeneo yaliyokuwa machimbo ya boksiti Australia Magharibi kwa kuangalia aina za sisimizi waliorudi. Palipokuwa na aina chache ardhi ilikuwa bado mgonjwa, hata kama miti iliyopandwa ilikuwa mirefu ya kupigwa picha. Njia yenyewe haina gharama. Unafukia kikombe cha plastiki ardhini mdomo ukiwa sawa na udongo, unatia maji kidogo na tone la sabuni, unakiacha usiku kucha. Asubuhi unahesabu aina zilizotumbukia. Unafanya hivyo kwenye machimbo yaliyofukiwa na kwenye ngitili ya karibu, kisha unalinganisha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza. Shule za sekondari za Geita na Msalala zinaweza kuwa na kumbukumbu ya kila mwaka ya afya ya ardhi ambayo hakuna mkandarasi angeweza kuipamba.

Wapo wanaojua thamani ya mdudu huyu, kwa bahati mbaya ni walanguzi. Aprili 2025, Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa na malkia wapatao 5,000 wa sisimizi, wengi wao Messor cephalotes, wamefungiwa kwenye vijichupa vyenye pamba. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walikamatwa katika kesi ya pili. Mei mwaka huohuo mahakama iliwapa wote wanne adhabu ya faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Bei iliyotajwa katika soko la Uingereza ilifika pauni 170 kwa malkia mmoja, ananunuliwa na watu wanaofuga sisimizi kwenye vioo sebuleni. Nawaomba vijana wetu wa Shinyanga wasilisome hili kama tangazo la biashara. Kila malkia anayetolewa ni koloni zima lisilozaliwa, na kesi yake si ya kuchekesha. Lakini walau tukubali kuna kichekesho: kitu ambacho mgeni anakivukia bahari kukiiba, mwenyewe anakimwagia sumu bure.

Nimewasikia wanaonijibu kwamba hizi ni hadithi za wazee wenye muda, na kwamba mkulima mwenye njaa hana nafasi ya kuchuchumaa na kutazama wadudu. Mkulima mwenye njaa ndiye hasa asiyeweza kumudu kuikosa nyongeza kama ile ya asilimia 36. Tena sitaki amwonee huruma sisimizi. Nataka ampambanue. Akikuta bua limejaa udongo, huyo ni mchwa, na dawa yake ni kuondoa mabua makavu shambani, kuchanganya karanga kati ya mahindi na kuwaacha sisimizi wawinde. Akikuta duara lenye makapi, huyo ni mvunaji, na dawa yake ni kufukia mbegu. Akikuta wadudu wanazidi uwezo wake, basi aite mtaalamu kabla ya kuita muuza dawa.

Hapo penye mtaalamu ndipo pana pengo. Chuoni tulifundishwa wadudu waharibifu kwa majina na kwa picha. Wadudu wanaosaidia walipata ukurasa mmoja mwishoni, tena karibu na mtihani. Maofisa ugani wa leo wana pikipiki na vishikwambi tusivyokuwa navyo, lakini wengi ukiwaonyesha kiota cha mvunaji watakuuliza umepiga dawa gani. Hili linarekebishika kwa semina ya siku moja shambani, mwezi wa Oktoba, kabla ya kupanda.

Fedha zipo. Halmashauri zenye migodi hukusanya ushuru wa huduma kutokana na mapato ya kampuni, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kampuni zinatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni haki. Naomba sehemu ndogo tu ipelekwe kwenye udongo: semina za ugani, kusimamia utengaji wa udongo wa juu machimboni, na vikombe vya plastiki kwa ajili ya shule. Madiwani wa Geita, Msalala, Shinyanga na Kishapu watapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Wewe unayesoma una diwani wako. Mwulize mkutanoni, mbele ya watu, ametenga kiasi gani kwa ajili ya kuiponya ardhi, na usikae chini mpaka akutajie kiasi.